Kinyonga Aliyekataa Kugeuka Kijani

Enzi zetu pale Soweto West, Nairobi, mnyama wa kufuga ulimtafuta mwenyewe. Watoto wangu leo wanafuga simu na kuzilisha bundles. Mimi na dada yangu Achieng' tulimpata wetu kwenye ua wa miiba wa kayaba nyuma ya Nyayo Highrise: kinyonga mchanga, urefu wa kidole. Tulimkalisha dirishani kwenye tawi tulilolisimamisha ndani ya mkebe wa mchanga. Hakujua kunywa kwenye sahani, kwa hiyo tulimdondoshea maji juu ya majani. Chakula hakikuwa shida. Pale jirani alipokaangia mgongo wazi, ile mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kutolewa, nzi wangetosha kulisha vinyonga wote wa Nairobi.

Dani, nyanya yetu, alikuja kutoka ushago kumsubiri mama ajifungue. Alipomwona kinyonga alikataa kabisa kuketi upande ule wa nyumba.

"Huyo ndiye alileta kifo kwa watu," alisema. "Akikuwa mweusi, kuna mtu anaenda."

Wiki hiyohiyo presha ilimpanda mama, akalazwa. Watoto hatukuruhusiwa wodini. Baba alikuwa mtu wa mjengo. Alirudi jioni na saruji kwenye nyusi, akasema mama bado yuko huko, basi. Habari zetu zote zikabaki kwa kinyonga. Asubuhi tulimkuta mweusi kama sufuria. Jua likipasha mabati na kuingia dirishani, aligeuka kijani polepole, nasi tukaenda shule tukipumua.

Halafu baridi ya Julai ikaja na jua likagoma. Asubuhi mweusi, mchana mweusi, tukitoka shule bado mweusi, na nzi hata hakuwatazama. Achieng' ndiye aliyesema tumsogeze karibu na jiko la makaa, kwa sababu akiwa kijani mama atarudi. Tukachuchumaa tukimkodolea macho. Baada ya muda rangi ikaanza kurudi, kwanza tumboni, kisha mgongoni. Achieng' alicheka karibu alie.

"Ako na baridi tu," nilimwambia. "Hajui kitu."

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Kama ule weusi ulikuwa baridi tu, basi hata ule ukijani haukuwa na habari yoyote ya mama. Achieng' hakutaka kusikia.

"Nyamaza," akasema. "Ongeza makaa."

Mama alirudi, mnyonge, amembeba ndugu yetu Ouma. Siku hiyohiyo Dani akaamuru kinyonga arudishwe kayaba, nasi tukamrudisha bila kubishana.

Sasa naishi Kawangware, na Julai imefika tena. Mama amelazwa hospitali ya huko nyumbani, na Ouma ndiye anayemlinda. Binti yangu hunicheka ninavyoishika simu: "Mathe, si utulie, atareply." Wao wamezoea kujua kila kitu papo hapo, sisi tulizoea kungoja, ila kungoja hakujawahi kunizoea mimi. Ujumbe niliomtumia Ouma alfajiri una zile alama mbili za kijivu, na hadi saa hii ya mchana hazijageuka buluu, yaani hajausoma. Nimempigia Achieng', yuko Mombasa siku hizi, nikamwambia bado ni za kijivu.

"Ongeza makaa," akasema.