Wifi na Jicho la Binti Yake

Wifi yangu, mke wa kaka, ni fundi cherehani, na ana makengeza tangu azaliwe. Jicho la kushoto lilikimbilia puani likahamia huko. Wateja wapya hugeuka nyuma kuangalia anaongea na nani. Yeye hana muda nao: anageuza uso upande kidogo, jicho la kulia linamkabili mteja, kazi inaendelea. Mimi ndiye ninayetamani kuwachapa na rula.

Binti yake alirithi jicho lilelile. Mwaka mzima wifi alimziba jicho zuri kwa kitambaa alichokishona mwenyewe, ili lile legevu lilazimike kufanya kazi. Likaanza kuona vizuri, lakini halikunyooka. Daktari akasema kilichobaki ni upasuaji: jicho halitolewi, msuli unaolivuta ndio unaolegezwa. Wifi alitaka jambo moja tu, mtoto aingie darasa la kwanza bila kuitwa Kengeza, jina aliloitwa yeye mpaka akaacha shule.

Siku hiyo tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Wifi alikuwa amepakata viatu vya mtoto.

"Unaogopa?" nikamuuliza.

"Sijui. Sisikii kitu. Nimekufa ganzi."

"Si ulie tu, wifi."

"Machozi yenyewe hayaji."

Nikamtania kwamba akilia, chozi moja litapotea njia linidondokee mimi. Hakucheka, hakunitukana. Siku nyingine angenirushia kiatu. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

Kesho yake asubuhi muuguzi alibandua bandeji. Jicho lilikuwa jekundu kama nyanya, lakini limenyooka. Akampa mtoto kioo. Mtoto akajitazama weee, akafumba hili, akafumbua lile. Wifi alisimama pembeni, uso mkavu, viatu bado mkononi. Kisha mtoto akashusha kioo, akamtazama mama yake usoni kwa muda mrefu.

"Mama, niangalie."

"Si nakuangalia, mwanangu."

"Hapana. Niangalie mimi."

Nilifungua mdomo nimkanye. Wifi akanishika mkono kuninyamazisha. Akageuza uso upande kidogo, vilevile anavyowafanyia wateja, mpaka jicho la kulia likamkabili binti yake. Miaka sita yote hakuwahi kumfanyia hivyo.

"Haya," akasema. "Hivi je?"

"Sasa ndiyo," mtoto akasema, akatabasamu.