Chuma Kilichogawanywa Minago

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya silaha, ajida aliyekuwa mkuu wa pale hakuniuliza jina. Aliuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la nne, tena sikulimaliza. Akacheka mbele ya watu.

"Mutoto wa Rumonge! Huko ziwani ulikuwa unafanya nini, kupara ndagala?"

"Ndagala haziparwi, shefu. Zinaanikwa."

Kisha akaniwekea mezani bunduki iliyorudi kutoka vitani, damu imekauka kwenye kitako. "Basi hii uisafishe, halafu uianike."

Ndivyo nilivyoanza, kwa kusugua damu ya mtu nisiyemjua. Ninyi vijana mkiona nyota begani mnadhani zote zimetoka chuoni. Yangu ilitoka kwenye ndoo ya maji machafu.

Yule ajida alikuwa mkali na mlevi, lakini kazi aliijua. Alinifundisha kupiga tupa, kusikiliza chuma, na kuliogopa kombora lililolala. Hilo ni kombora lililopigwa, likaanguka, lisilipuke. Likiwa ghalani lina mlinzi na kufuli. Likilala porini halina mwenyewe, na anayelikuta hajui limebakiza nini. Kwa hiyo ilikuwa sheria: kombora likilala, watu wanalizunguka mpaka mafundi walimalize pale pale. Hakuna anayekwenda kula.

Kutoka kwake nilipelekwa Gatete kutengeneza silaha za kikosi cha huko, kisha milimani, kisha tena ziwani. Vita vikubwa vikaja. Waliosoma, wengine wakafa, wengine wakakimbilia Tanzania, na vyeo vikabaki vinatafuta mabega. Mimi sikuviomba. Nilikuwepo tu, na bunduki nilizozitengeneza zilikuwa zinalia. Vilipotulia, nilikuwa nimeshakuwa komanda, mwenye cheo ambacho wengine wanakiita meja.

Ndipo nikapewa kazi ya roketi. Tulikuwa na roketi za zamani zilizoletwa kutoka nje, na wakubwa walitaka ziende mbali zaidi. Roketi si kitu cha uchawi. Nyuma kuna baruti ya kusukuma, kuna mapezi ya kuinyoosha njia, na mbele kuna kichwa, yaani sehemu inayolipuka. Msimamizi wetu alikuwa kolone, yaani kanali, Mkuu wa Ufundi, mtu aliyesomea Ulaya. Sitamsema vibaya kwa elimu yake. Hesabu zake zilikuwa safi, nami nilichonga chuma kama alivyopiga hesabu. Tulielewana vizuri mpaka siku ya Minago.

Siku hiyo tulipiga majaribio ufukweni Minago, kijiji cha wavuvi, tukielekea ziwani. Mitumbwi ilikuwa imekatazwa kutoka, na wageni wakubwa walikuwa wamekuja kutoka Bujumbura, wamekaa chini ya turubai. Roketi zilikwenda mbali, zikalipuka katikati ya maji, wageni wakapiga makofi. Moja ikapinda, ikaanguka karibu na ufuko. Nikangoja mlio. Kimya.

"Mon kolone, moja imelala. Tena imelala pafupi."

"Iko mu maji, komanda. Nani ataifuata mu maji?"

"Watu wa hapa. Niachie askari wa kulinda."

"Askari wanasindikiza wageni. Na wewe unakuja. Wanataka kukuona. Kesho utarudi na wazamiaji."

"Sheria inasema leo."

"Leo mimi ndiyo sheria. Panda gari."

Nikapanda. Askari huwa hana namna nyingine, na anayewaambia vingine hajavaa magwanda.

Sasa nieleze jambo ambalo kolone hakulijua, na mimi nilizaliwa nalo. Pale Minago wanavuta wavu mrefu kutoka ufukweni. Wavu una patroni wake, yaani mwenye wavu, na una wavutaji wake. Chochote kinachoingia humo ni nusu ya patroni, nusu ya wavutaji, na kinagawanywa chenyewe kabla ya watu kutawanyika. Hakuna kuuza kwanza. Zamani mapatroni waliuza, wakarudi na hadithi, kwa hiyo watu walikataa. Hata gogo likiingia, linapasuliwa katikati.

Asubuhi nilitoka Bujumbura na dereva wangu, wazamiaji wakiwa nyuma. Tulipopita Muhuta nikamwambia dereva akanyage mafuta. Minago nikawakuta wavutaji wamekaa mchangani, wanachekana.

"Amahoro, komanda! Umechelewa, samaki yenu imekwisha kuvuliwa!"

"Iko wapi?"

"Ile nzito? Ilipasua wavu alfajiri. Patroni analia kama amefiwa."

"Nimeuliza iko wapi!"

Kicheko kikakatika. Mmoja wao akasimama, akavua kofia. "Tuliigawa, mzee. Yaani, bado. Shoka lilishindwa. Wameipeleka Rumonge kwa Yusufu, aikate na msumeno."

Yusufu alikuwa fundi chuma, mtengenezaji wa mashine za kukamulia mawese. Tena alikuwa shemeji yangu, mume wa Zaina, dada yangu wa tumbo moja.

Dereva aliendesha mpaka kuku wakakimbilia majumbani. Kwenye kichochoro cha kwa Yusufu gari halipiti, nikashuka nikakimbia. Nikausikia msumeno. Nikaita, "Yusufu! Acha!" Msumeno ukanyamaza. Nikasema moyoni, al-hamdulillahi, amenisikia.

Hakuwa amenisikia. Alikuwa anakigeuza chuma akate upande wa pili. Hilo nililijua baadaye kwa Zaina, aliyekuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo akimwona.

Mlipuko ulinitupa ukutani. Yusufu alikufa pale pale. Alikufa na mjumbe wa wavutaji, aliyeshika ncha moja ili nusu yao isipunjwe. Mjumbe wa patroni, aliyeshika ncha nyingine, alipona bila mkono. Waliosema kwamba kichwa cha roketi kikikaa majini kinakufa, waje niwaonyeshe ukuta ule.

Kolone alikuja mazikoni. Akanivuta pembeni.

"Pole, komanda. Ila itabidi isemwe kwamba waliiba mali ya jeshi."

"Hawakuiba. Waligawana."

"Kwa sheria ni kitu kimoja."

"Sheria ulisema ni wewe. Basi waambie wewe, pale, mbele ya kaburi."

Hakuwaambia. Baada ya mwezi alihamishiwa ofisini, mimi nikapewa kiti chake. Kutoka hapo hakuna mgeni aliyeondoka ufukweni kabla sijayahesabu makombora yote, na mkubwa aliyenung'unika nilimwacha anung'unikie juani. Nyota ya jenerali ilikuja hivyo, kwa miaka ya kukaa juani.

Sasa nimestaafu, nakaa Rumonge, nyumba ya pili kutoka kwa Zaina. Watu wananisalimu "jenerali" na mimi naipokea salamu, maana niliifanyia kazi. Zaina peke yake ananiita kaka. Kwa miaka mingi hakuniuliza lolote. Mwaka huu, siku moja ananipakulia chakula, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya mhogo:

"Ile roketi uliichonga wewe?"

"Mimi."

"Ilikuwa mbovu?"

"Ilikuwa mbovu. Kama ingekuwa nzima ingelipuka ziwani, Yusufu angekuwa hapa."

"Na zile nzima, ziko wapi?"

"Ziko ghalani."

"Zinangoja nini?"

Nimejibu mawaziri, nimejibu majenerali wa nchi za watu, wote wakaridhika wakakaa chini. Kwa Zaina nilinyoosha sahani. Akaniongezea mchuzi wa mukeke, samaki wa ziwa letu, akairudisha.

"Kula, kaka. Bugali inapoa."

Nikala.