Taa ya Bruda Agnello

Donata alikuwa mtia rangi nguo kama marehemu mumewe, na mikono yake ilikuwa ya buluu hadi viwikoni. Pale Castelgrigio hawakumpenda. Alikuwa na ulimi mkali, na ukimkosea leo atakukumbusha hata ukiwa mzee. Kitu kilichomlainisha kilikuwa kimoja tu, binti yake Nunzia, na huyo naye ndui ilimpofusha akiwa mdogo.

Donata alikwenda kwenye kaburi la Bruda Agnello, yule mtawa aliyekuwa akizunguka mjini na gunia akiwaombea maskini mkate, akaweka nadhiri: mwanangu akiona, taa haitazimika hapa maadamu niko hai. Kabla ya mavuno ya zabibu Nunzia aliona. Tangu hapo Donata alikula mkate mkavu ili mafuta yaende kaburini.

Miaka ilipita, kaburi likajaa miguu ya nta, magongo na misuko ya nywele, shukrani za walioponywa. Wageni wakamiminika, na Orsola, mwenye nyumba ya wageni, akanawiri kwa ajili yao. Ndipo Padri Celestino, mkuu wa watawa, akatangaza kanisani kwamba majaji wa askofu wanakuja kuanza kesi ya kumfanya Bruda mtakatifu. Sheria mpya ya Roma ilikataza mtu ambaye bado hajatangazwa mtakatifu kuombwa hadharani au kuwashiwa taa. Likionekana jambo kama hilo, kesi imekufa.

Watu wakaja mmoja mmoja, kila mtu akaondoka na mguu wake wa nta chini ya joho. Ikabaki taa ya Donata.

Padri alianza kwa kumbembeleza.

"Mama, nielewe. Ili awe mtakatifu, lazima tuonyeshe kwamba hakuna anayemwomba."

"Sasa huyo atakuwa mtakatifu wa nani, Padri?"

"Basi ihamishie kwa Bikira Maria, si yupo pale pale ukutani?"

"Bikira sikumwahidi kitu."

Kubembeleza kukaishia hapo. Nguo za kutia rangi zikaacha kuja. Mtu akamwaga samadi ndani ya pipa lake la rangi. Kisimani Orsola alipaza sauti kila akimwona: "Mpisheni mjane wa maiti. Hebu mwulizeni, bwana wa kaburini ameamkaje?" Wanawake wakacheka mpaka ndoo zikamwagika.

Lililomuuma zaidi lilitoka nyumbani kwake. Nunzia alikuwa amechumbiwa na Biagio, mtoto wa Orsola, na Orsola alishasema wazi kwamba taa ikiua kesi, hakuna harusi.

"Mama, izime," Nunzia alisema. "Mwenye macho ni mimi, na mimi nimekubali."

"Macho yako, nadhiri yangu."

"Unampenda huyo maiti kuliko mimi."

Donata alimzaba kofi, akachukua chupa ya mafuta, akaenda zake kanisani.

Siku ya majaji alikuta taa imeng'olewa na kufichwa chumba cha kengele, na benchi limeburutwa juu ya kaburi. Watu walikuwa wamejipanga, wakiweka mkono juu ya Injili na kuapa kwamba Bruda alikuwa mtu mwema tu, hakuna amwombaye. Orsola aliapa bila kupepesa macho, na mji mzima ulijua kwamba shingoni mwake ananing'iniza kifuko chenye ukucha wa Bruda.

Jaji akamgeukia Donata. Nunzia, akiwa amesimama kando ya Biagio, alitikisa kichwa polepole, akimsihi. Donata aliyatazama yale macho. Aliamini kabisa kwamba akimkana Bruda hapa, yatazimika pale pale, mbele yake.

"Namwomba kila siku, mheshimiwa," alisema. "Taa yangu wameificha chumba cha kengele. Na huyu Orsola mwambie afungue kifua, auonyeshe ukucha."

Karani aliweka kalamu chini. Majaji waliondoka bila kugusa chakula alichowapikia Orsola.

Watawa wakaifukua mifupa ya Bruda wakaizika mahali wasipopataja, ili asiombwe tena. Wageni wakakoma kuja. Mlango wa Donata ulipigwa mawe hadi ubao ukapasuka, na taa aliyoiwasha dirishani ikavunjwa, akanunua nyingine, nayo ikavunjwa. Uchumba ulikufa. Nunzia akahamia mji wa bondeni kufulia watu nguo, na aliondoka bila kuaga.

Walionana tena mara moja tu, kwenye mnada wa ng'ombe. Nunzia alikuwa upande wa pili wa uwanja, ng'ambo ya mifugo na vumbi. Akainua uso, akamtambua mama yake, akatema mate chini na kumpa mgongo.

Donata hakumfuata. "Ameniona," alimwambia muuza kamba aliyekuwa karibu naye, mtu asiyemjua. "Umeona pale alipo? Ameniona kutoka kule."