Jina Ubavuni mwa Beseni

Jumatano moja nilinunua samaki wa ziwa la Tshangalele sokoni, nikawapeleka kwa baiskeli hadi ukumbi wa parokia. Nilikuwa nimerudi Likasi baada ya miaka ya kuhangaika, Kolwezi, Kasumbalesa, mashimo ya madini ya Shinkolobwe, na sikujua kama ningemaliza hata mwezi. Mama Odette, aliyeongoza kikundi chetu cha kujitolea, alinizuia nisiondoke kwa kunipa kazi.

Ukumbini walilala watu waliokimbia vijiji vya kaskazini, ambako wapiganaji wa msituni walichoma nyumba. Sisi tulileta unga, sombe ya majani ya muhogo, makaa na mablanketi. Mwanzoni tuliwapanga foleni, kila mtu na sahani yake. Wazee hawakula. Kula peke yako, umegeukia ukuta, kwao ilikuwa kama adhabu. Ndipo tukatafuta mabeseni: kila kijiji beseni moja la bukari, ugali wetu, watu wamelizunguka kama nyumbani. Ili tusichanganye, nilibandika karatasi ubavuni mwa kila beseni na kuandika jina la kijiji kwa herufi kubwa. Niliiona kazi nzuri.

Tata Kabange alikuwa mkulima, umri wa baba yangu. Alikimbia na mke wake, Mama Numbi, na watu wachache wa kijiji chao.

"Mutoto yangu, huku Likasi munakula bukari ao munaikunywa?" aliniuliza siku ya kwanza, na beseni zima likacheka.

Kesho yake niliisonga hadi mkono ukauma. Alimega tonge, akaligeuzageuza, akasema sasa naweza kuoa.

Ni yeye aliyenieleza kwamba wapiganaji walikuwa wakitafuta watu wa kijiji chao. Walidai ndio waliowaonyesha askari njia ya msituni. Kwa hiyo nilijua.

Asubuhi moja ilisemekana wapiganaji wameonekana karibu na mji. Mama Odette alinivuta pembeni.

"Pasula ile makaratasi," alisema. "Yote."

Kisha akampeleka Mama Numbi zahanati, maana alikuwa na homa tangu usiku. Nilitazama mabeseni. Bukari ilikuwa karibu kuiva, watu walikuwa na njaa, na bila majina ugawaji ungekuwa fujo. Nikajiambia nitayapasua baada ya chakula.

Risasi zilisikika saa sita mchana, tukiwa tumeshagawa.

Watu wakalala chini.

Waliingia watano, vitambaa vyekundu vichwani. Hawakupiga kelele. Mmoja alitembea taratibu kati ya mabeseni, akisoma.

Akasimama kwenye beseni la kina Tata Kabange.

"Bantu ba hapa, musimame."

Hakuna aliyesimama. Akamwelekezea bunduki mwanamke aliyekuwa karibu naye.

Tata Kabange akainuka.

"Ni miye peke yangu," alisema. "Hawa bengine ni bageni. Nilibaita tukule pamoja."

Yule mpiganaji kijana akaishusha bunduki. Kwetu ni kweli, huwezi kuwa na chakula mbele yako bila kumwita anayepita. Labda hata yeye alilelewa hivyo. Walimchukua Tata Kabange peke yake, kwa mlango wa nyuma.

Askari walifika alasiri. Mwili wake haukupatikana.

Watu wa beseni lile wako hai, wengine wamerudi kulima. Mimi niliondoka baada ya wiki mbili. Nimekaa katika miji minne tangu hapo, na katika kila mji nimejaribu kusema ni wapiganaji waliomuua. Ni kweli, lakini hawakumjua kwa sura. Walisoma mwandiko wangu.

Mwaka jana nilimfuata Mama Numbi huko Kapolowe, anakoishi kwa dada yake. Nilimweleza habari za karatasi, na kwamba niliambiwa nizipasue. Alikuwa akichambua maharage, hakuinua macho. Nilingoja anifukuze.

Aliuliza kama mume wake alikuwa ameshakula.

Nilimwambia ndiyo kwanza alikuwa ananawa mikono.

Aliacha maharage.

"Basi alienda na njaa," akasema.