Mmongolia aliniuliza swali la maana, mimi nikamrekebisha Kiingereza

Wakuu, habari za majukumu. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Mimi ni msomaji tu, miaka yote napita kimya kimya. Leo nimeona niandike kitu kilichonikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Jina la huyo dada nimebadilisha. Picha siweki, kwa hiyo msinisumbue.

Mimi ni mtu wa Hirbadaw, Hanang. Kwa sasa nafundisha sekondari huku huku wilayani. Kabla ya hapo nilipata bahati ya kwenda kusoma India miaka miwili.

Pale chuoni kulikuwa na utaratibu mmoja mzuri. Wanafunzi wa kigeni ambao Kiingereza kinawasumbua walikuwa wanapangiwa partner wa kuongea naye, lisaa limoja kwa wiki. Hakuna kitabu, hakuna mtihani, ni stori tu.

Sisi Watanzania tulionekana Kiingereza tunakiweza (msicheke). Nikajiandikisha.

Nikapangiwa dada kutoka Mongolia. Nimwite Saruul. Alikuwa anajiandaa kusomea unesi, ila Kiingereza chake kilikuwa maneno ya kuokoteza.

Kila Jumatano saa kumi jioni tunakaa kwenye benchi nje ya kantini, yeye na daftari lake.

Hapa nikiri. Aliponiuliza natoka wapi, nilimwambia Arusha mjini. Nilishachoka kueleza Hanang iko wapi, na kusema ukweli niliona aibu. Mtoto wa mfugaji nimefika chuo cha watu, nianze tena habari za samadi?

Mwenzangu hakuwa na aibu hiyo. Stori zake zote ni za kwao: baba yake, farasi, mbuzi, baridi ya kugandisha maziwa kwenye ndoo. Mimi nasikiliza kama mtu wa mjini, narekebisha "he go" iwe "he goes".

Jumatano moja akaja macho yamevimba. Amepigiwa simu kutoka nyumbani, baridi imeua mifugo mingi. Ng'ombe mmoja amepona lakini ndama wake amekufa, na sasa yule ng'ombe...

Akatafuta neno, akalikosa. Akafanya mikono kama anakamua, halafu akatikisa kichwa.

Nikamwambia, "Amezuia maziwa."

Akaruka. Ndiyo! Mama yake anahangaika naye kila asubuhi.

Wakuu, sikujizuia. Nikaanza kumweleza kwa mikono, kwa Kiingereza kibovu kuliko chake, jinsi mama yangu anavyofanya. Anachukua ngozi ya ndama aliyekufa, anaipaka chumvi, anamwekea ng'ombe mbele ailambe, huku anamwongelesha taratibu mpaka maziwa yanashuka.

Saruul akaniangalia muda mrefu.

"You are not town," akasema.

Nikacheka. Nikamwambia ukweli wote siku ile.

Kuanzia hapo lisaa limoja likawa halitutoshi. Nilimweleza upepo wa Hirbadaw unavyong'oa bati, mashamba ya ngano kule Gitting yakiwa yameiva, mlima Hanang ukijifunika mawingu asubuhi. Vitu nilivyokuwa navikimbia, nikawa navitafutia maneno mazuri ili na yeye avione. Nyumbani sijawahi kupapenda kama nilivyopapenda pale kwenye benchi.

Siku moja nikampigia mama simu, Saruul yuko pembeni. Nilishamfundisha salamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikatafsiri. Saruul akataja jina la baba yake bila kushangaa, kumbe kwao nako mtu anajulikana kwa baba. Mama nilishamsimulia habari ya ile baridi, akaniambia, "Mwambie ampe baba yake pole ya ng'ombe."

Nilipotafsiri hiyo, Saruul aliinamisha uso kwenye daftari, akalia.

Nadhani nilimpenda siku hiyo. Sikusema. Nilijiambia mimi ni partner wa mazungumzo, nisivuke mipaka.

Jumatano ya mwisho ikafika. Mimi nimeshamaliza, Ijumaa naondoka. Saruul akauliza, polepole, neno kwa neno:

"In your home, have place for person who know only cow?"

Yaani, kwenu kuna nafasi ya mtu anayejua ng'ombe tu?

Wakuu, mnajua nilifanya nini?

Nikamwambia, "Is there a place. Is there a place for a person who knows only cows."

Ilinitoka tu, mazoea ya mwaka mzima. Labda pia uoga.

Akairudia sentensi vizuri kabisa, bila kosa hata moja. Akasubiri. Mimi nikasema, "Very good."

Akafunga daftari. Tukaagana kwa kupeana mikono.

Nilikaa nyumbani miezi minane ndipo nikamwandikia. Sababu nilijipa nyingi: umbali, visa, dini, sijapata ajira. Nikamwandikia kwamba nafasi ipo, ilikuwepo tangu siku ile, na mimi ndiye nilishindwa kujibu.

Alijibu kesho yake, kwa Kiingereza kilichonyooka. Aliandika kwamba ile sentensi aliifanyia mazoezi wiki nzima, na alichokuwa anaogopa ni kukosea sarufi tu. Sasa ana mchumba, mtu mwema, wanafanya kazi pamoja. Akamalizia: msalimie mama.

Nilimfikishia mama salamu, na nikajikuta nimemsimulia yote. Alikuwa anachambua maharage. Akaacha.

"Sasa wewe si ungeniuliza? Mimi ningemwambia aje."

Akarudi kwenye maharage yake.

Nilichojifunza: mtu akikuongelesha kwa lugha anayoihangaikia, sikiliza kwanza anachotaka kukuambia. Makosa yataendelea kuwepo hata kesho. Yeye anaweza asiwepo.

Sijaoa bado. Nimekutana na watu wazuri tu, Katesh na hata Mbulu, ila bado. Kuna siku natoka shule natembea kwenda nyumbani, upepo unapiga, najikuta namweleza Saruul kwa Kiingereza kile ninachokiona. Ngano imefika wapi. Ng'ombe wa nani wameingia shamba la nani. Nikikutana na mtu njiani nanyamaza, nasalimia, napita.

Waliowahi kuchelewa kujibu kama mimi, hii hali inaisha? Mliishije nayo? Na wa kunicheka pia karibuni, mimi nimeshajicheka vya kutosha.