Mbegu Chini ya Dawati

Kuna mlio ambao hadi leo ukinifikia, vidole vya mkono wangu wa kushoto hujikunja vyenyewe. Ni mlio wa mbegu kavu zikidondoshwa moja moja kwenye mashimo ya ubao: ta, ta, ta, kisha kimya kidogo mchezaji anapofikiri, halafu ta tena. Juzi niliusikia darasani kwangu hapa Magunga, ambako nafundisha hesabu. Watoto wa gredi ya tano walikuwa wakicheza ajua, yaani bao la Kijaluo, tena kwa ruhusa yangu, kila mmoja akigawa mbegu zake kwenye safu yake ya mashimo na kuhesabu bila kufungua mdomo. Nilisogea dirishani nikajifanya naangalia mvua. Hakukuwa na mvua.

Ili unielewe, lazima kwanza umjue Dani, yaani nyanya yangu, maana ndiye aliyenilea kule Ndhiwa na ndiye aliyenifundisha kushuku watu. Dani alimshuku mchungaji kwa sababu viatu vyake viling'aa hata masika. Alimshuku kuku wa jirani aliyetaga kwetu, akarudisha yai likiwa bado na joto. Chai ya ugenini hakuinywa mpaka mwenyeji aonje. Alikuwa Msabato imara, na uchawi hakuuamini hata kidogo, ila aliuogopa sana. Nyumbani tuliongea Kijaluo, lakini maneno mazito aliyasema kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ya chifu na ya korti, na neno lake zito kuliko yote lilikuwa, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nililisikia asubuhi kabla ya uji na jioni baada ya sala.

Mchezo nao aliushuku. Ajua kwake ilikuwa kazi ya wazee wa sokoni waliokimbia majembe, na mimi sikuruhusiwa kugusa hata mbegu moja. "Nyakwara," aliniambia, yaani mjukuu wangu, "wewe umeenda shule kusoma. Wenye kucheza waache wacheze." Nami nilisoma. Mapumziko wenzangu walipokimbia uwanjani kuruka kamba, mimi nilibaki darasani na jedwali la kuzidisha, nikiwashuku kwamba wanacheka kwa sababu yangu.

Nilikuwa wa kwanza katika darasa la saba, na sikuwa na mpango wa kuwa wa pili. Mwalimu Ogola, mwalimu wetu wa hesabu, alikuwa na desturi yake kila Ijumaa asubuhi: hesabu za kichwa. Alisoma maswali ishirini kwa sauti, sisi tukaandika majibu peke yake, bila kukokotoa popote. Muhula ule alitangaza kwamba atakayeongoza kwa jumla ya Ijumaa tatu za mwisho atakwenda Homa Bay kushindana na wa shule nyingine, na watakaofanya vizuri kule watachukuliwa na shule moja ya bweni ya wasichana. Dani hakuwa na uwezo wa kunipeleka bweni. Kwangu mimi, njia ya kutoka Ndhiwa ilikuwa hiyo moja tu.

Ndipo akaja Boke. Alitoka Ntimaru, upande wa Wakuria, karibu na mpaka wa Tanzania, akifuatana na mama yake aliyekuja kuuza ndizi katika soko letu. Kijaluo hakukijua, kwa hiyo alisema Kiswahili na kila mtu, hata na mbwa wa shule. Mwalimu Ogola akamketisha kwenye dawati langu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, darasa likacheka. Mimi sikucheka. Sikuwa mgonjwa wa kuponywa na mtu.

Ijumaa ya kwanza Boke alipata ishirini kwa ishirini. Mimi kumi na tisa.

Mtu mwingine angesema huyu msichana ana akili. Mimi nilisema ana kitu. Nilipomwambia Dani, aliacha kupepeta wimbi akanitazama. "Asiyekosea kabisa," akasema, "kuna anayemwambia." Tangu siku hiyo nikaanza kumpeleleza. Nilinusa daftari lake, lilinuka ndizi. Nilihesabu anapepesa macho mara ngapi kabla ya kuandika. Nilichungulia ndani ya viatu vyake alipovivua. Nilidondosha kalamu yangu makusudi ili niiname nitazame chini ya dawati, na kule chini nikaona jambo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa magotini ukifanya kazi yake peke yake. Vidole vinne vinajikunja, kimoja kimoja, kisha kidole gumba kinabonyeza paja. Vinne tena, kisha gumba. Niliamini anamwita mtu, ingawa sikujua ni nani, wala kwa nini yule mtu apende kuitwa wakati wa hesabu.

"Awuor, unatafuta nini huko chini kila saa?" Mwalimu Ogola aliniuliza.

"Kalamu imeanguka, mwalimu."

"Hiyo kalamu yako inaanguka sana."

Boke alikuwa hana rafiki. Siku moja wakati wa mapumziko, tukiwa wawili tu darasani, aliniuliza, "Awuor, mbona wewe huchezi?"

"Nimekuja kusoma."

"Kwani kwenu mtu akicheza hasomi? Kwetu, babu alinifundisha hesabu tukichunga ng'ombe. Tunachimba tu chini, tunacheza."

Nilisikia nusu. Kichwani mwangu lilibaki neno moja, kwamba wanachimba chini, na hilo nikalihifadhi kama ushahidi. Ijumaa ya pili alinishinda tena, kwa swali moja.

Darasa letu lilikuwa la mabati na sakafu ya udongo, na Alhamisi zamu ya kufagia ilikuwa yangu. Alhamisi ile, kabla ya Ijumaa ya mwisho, nilikuwa peke yangu na ufagio, vumbi likinuka samadi kavu, nilipovuta dawati letu na kukuta kipande cha katoni kimelazwa chini kwa uangalifu. Nikakiinua. Chini yake kulikuwa na mashimo madogo yaliyosawazishwa vizuri, safu mbili, moja upande wa miguu ya Boke na nyingine upande wa miguu yangu. Ndani mlikuwa na mbegu za kijivu, ngumu. Upande wangu nilizihesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi niliyoijua: nne, nne, nne, nne, mpaka shimo la mwisho.

Nitasema ukweli, kwa kuwa umenifuata hadi hapa. Nilikuwa nimewahi kuwaona wazee wa sokoni. Ubao wao ulikuwa wa mti na huu ulikuwa udongo, lakini mtoto wa kwanza wa darasa hawezi kushindwa kulinganisha vitu viwili. Nadhani nilijua ni ajua. Nadhani pia nilijua kwamba, nikiipeleka kwa Dani bila yale mashimo, haitakuwa ajua tena. Kwetu mtu akikuta kitu kimefukiwa mahali anapokaa, haulizi ni kitu gani. Anauliza ni nani aliyekifukia.

Nikaziokota mbegu zote, nikazifunga kwenye kitambaa, na yale mashimo nikayafukia kwa kisigino.

Dani alikifungua kile kitambaa kwa ncha ya kijiti. Hakupiga kelele. Alinishika mabega akanigeuza huku na huku, akaniuliza kama miguu inaniuma. Nikasema inauma kidogo. Ikaanza kuuma kweli.

Asubuhi ya Ijumaa tulikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu: Dani na kitambaa chake, mimi, Mwalimu Ogola, na Boke aliyeitwa kutoka gwaride bila kuambiwa sababu.

"Hizi ni zako?" mwalimu mkuu akamuuliza.

"Ndiyo, mwalimu. Ni mbegu za kucheza."

"Kucheza na nani? Tangu uje hapa sijakuona ukicheza na mtu."

Boke akanitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake aongee. Kisha akainamisha kichwa.

"Mmeona," Dani akasema kwa Kiswahili. "Amekosa jibu."

Mwalimu Ogola hakuridhika. Akanigeukia mimi. "Awuor, ulizikutaje? Zilikuwa zimekaaje?"

Hapo ndipo maisha ya watu wawili yaliposimama kunisubiri. Ningesema neno moja, safu, na mwalimu angecheka, Dani angeona aibu, na sote tungerudi darasani kufanya hesabu. Nikaangalia viatu vyangu.

"Zilikuwa zimefukiwa," nikasema. "Chini ya miguu yangu."

Boke hakufanya hesabu za Ijumaa ile. Aliambiwa akae nje mpaka mama yake aje. Mimi nilipata kumi na nane, alama ambayo siku nyingine ningeililia. Siku ya soko iliyofuata, wanawake walizipita ndizi za mama Boke kama vile hakuna mtu pale. Mkungu mmoja ulikuwa umeiva vizuri, nakumbuka, na nzi wakaanza kuukalia. Juma hilo halikuisha kabla hawajafunga mizigo kurudi Ntimaru. Hakuna aliyewafukuza, ila hakuna aliyewaaga pia. Dani aliniombea nisifiche kitu moyoni. Nikaitikia amina.

Homa Bay nilikwenda na sare iliyopigwa pasi mara mbili. Ukumbi ulikuwa mkubwa, na upepo wa ziwa uliingia ukipeperusha karatasi zetu. Niliwashuku wote mle ndani, hasa msichana aliyenitabasamia. Swali la kwanza likasomwa: thelathini na sita mara ishirini na tano. Jedwali langu lote likatoweka kichwani. Niliona weupe mtupu, na nikaliona jembe la Dani likinisubiri.

Kisha nikahisi mkono wangu wa kushoto unatembea magotini. Vidole vinne vinajikunja, gumba linabonyeza. Vinne tena, gumba tena. Nilikuwa nimempeleleza Boke kwa bidii hata mkono wangu ukajifunza bila kuniuliza. Na pale pale nikaelewa alichokuwa akifanya siku zote: alikuwa akigawa mbegu nne nne katika mashimo. Ishirini na tano nne ni mia. Kila shimo mia. Thelathini na sita zinajaza mashimo mangapi? Gumba lilibonyeza mara tisa. Nikaandika mia tisa, na mkono ukaendelea na swali la pili, na la tatu, na mimi nikaufuata.

Nilikuwa miongoni mwa waliochukuliwa. Bweni, chuo cha ualimu, mpaka kazi hii: ngazi zote nilizipanda kwa vidole vya msichana niliyemfukuza. Hivyo ndivyo nilivyojieleza kwa miaka mingi. Niliamini kwamba nilimwibia Boke mambo mawili, nafasi yake na mchezo wake, na kwa kuwa nililijua kosa langu kwa jina, nilidhani nimelimaliza kulijua. Mara moja nilifika Ntimaru kwa shughuli za kikazi. Nikazunguka sokoni, nikanunua ndizi nisizozihitaji kwa mama watatu tofauti, na sikumuuliza hata mmoja habari za Boke. Nilishuku kwamba angenijibu.

Sasa turudi kwenye ile juzi, pale dirishani. Mtoto mmoja hakuwa na mwenzake wa kucheza naye, kwa kuwa darasa lina watoto wa idadi isiyogawanyika kwa mbili. Nikamwona anapanga ubao peke yake. Alijaza mbegu nne nne safu ya kwake, kisha akauzungusha ubao, akajaza nne nne safu ya pili, taratibu, asiipunje hata mbegu moja. Halafu akaacha kabisa kugusa. Akauleta hadi kwenye meza yangu.

"Mwalimu, njoo tucheze," akasema. "Upande huu ni wako. Anza wewe."

Nikakitazama kile alichokiweka mbele yangu. Mbegu nne, nne, nne, nne, mpaka shimo la mwisho. Ubao wa mtu aliyekuwa akicheza peke yake hauwi hivyo. Shimo moja huwa tupu, jingine limefurika. Huu haukuwa umeanzwa. Na ule wa chini ya dawati haukuwa umeanzwa. Boke aliuchimba, akaupanga, akaufunika kwa katoni usiharibiwe na ufagio, na hakugawa hata mbegu moja, kwa sababu alikuwa akinisubiri mimi nikae kwenye upande wangu. Mwalimu mkuu alipomuuliza anacheza na nani, alinitazama, nami niliangalia viatu.

"Mwalimu, hujui kucheza?" mtoto akaniuliza.

Nilimwambia sijui. Akanishika mkono wa kushoto, akaniwekea mbegu nne kiganjani, akaanza kunifundisha.