Maoni Yangu kwa Karatasi Namba Saba

Nichekeni tu, nimejitakia mwenyewe. Kwenye darasa letu la uandishi hapa Babati mjini mimi ndiye mkubwa kuliko wote. Wenzangu hunipa "shikamoo, Baba Elia" kabla hata sijakaa. Juzi mwalimu alitugawia insha zisizo na majina ili kila mtu atoe maoni juu ya kazi ya mwenzake. Mada ilikuwa: mtandaoni mimi ni nani?

Nikaangukiwa na karatasi namba saba. Mwandishi anasema mtandaoni amejifanya mama mtu mzima anayefundisha ufugaji wa kuku, na watu waliomzidi umri wanamwamkia kila siku. Ni nani huyu? Nikachunguza mwandiko, nikawaangalia wenzangu mmoja mmoja usoni. Sikumpata.

Basi nikaandika kwa kujiamini: "Haiaminiki. Mtu mzima amwamkie mtoto bila kushtuka? Mimi namfuatilia mtandaoni Mama Kuku wa Bonga, na kila asubuhi namwandikia shikamoo. Vifaranga wangu walipougua, ni yeye aliyenielekeza dawa. Mama wa kweli unamjua kwa maneno yake tu. Mwandishi akajifunze kwake."

Mwalimu akataka tusome maoni kwa sauti, kisha mwenye insha asimame. Nikasoma, tena kwa madoido.

Kwenye dawati la nyuma akasimama Zawadi, binti wa miaka kumi na tisa, ameinamisha kichwa kwa adabu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Wale vifaranga wamepona?"